Kila Mchimbaji na Kopo Lake

Likasi

Mama yangu mpenzi,

Goti lako linasemaje na baridi ya asubuhi huko Kalemie? Na yule jogoo mgomvi, bado anakufukuza kwenye ua wako mwenyewe? Mimi na watoto tu wazima, Mungu anatulinda.

Uliniuliza kama biashara yangu ya kahawa inakufa, maana ulisema ikifa nirudi nyumbani. Mama, ilibaki kidogo. Unajua nauzia wachimbaji wa madini wa Kamatanda mbele ya kanisa letu, alfajiri kabla hawajashuka mashimoni na jioni wakipanda. Zamani nilikuwa nawatilia katika vikombe vya plastiki, wakinywa, wanatupa. Mvua ikakuta mfereji wa barabarani umeziba kwa vikombe hivyo, maji yakaingia kanisani watu wakiomba. Pasta akaja, suruali imelowa hadi magotini, akasema kwa upole wake, "Mama, hii buchafu ikiendelea, utatafuta fasi ingine."

Nikanunua makopo ya chuma. Kumbe hawa watu wana mwiko wao: ukinywea kopo alilonywea mwenzako, umemwachia bahati yako, na shimoni utakuta mawe matupu. Nami nikazidi kuharibu. Nikayaosha kwa Javel, ile dawa kali ya kung'arishia nguo, mbele yao, najisifia usafi. Wakanusa, wakatazamana. "Eh mama, umesukula bahati yetu yote, imeenda na maji." Wakahamia ng'ambo ya barabara, kwa mwenye vikombe vya kutupa. Nilikaa na birika limejaa, nikalia, sikufichi. Nikaanza kufunga mizigo.

Ndipo akaja Papa Ilunga, mkubwa wa timu moja, mtu wa maneno mengi, na kopo kwapani. "Minye niko na kopo yangu, mama. Tia kahawa, wacha kulia." Baada yake timu yake, kisha timu nyingine, kila mtu na lake. Wanayatundika kwenye misumari ya kibanda changu, nami nimeyajua yote kama sura zao. Mfereji sasa unapitisha maji, na Pasta naye ananisalimia vizuri.

Wiki iliyopita, jioni, wote walikunywa, kopo la Papa Ilunga likabaki kavu. Nikauliza. Kila mmoja alidhani ametangulia nyumbani. Wakarudi shimoni mbio, wakamkuta udongo umemfikia kifuani, anapumua. Yuko hospitali, mguu umevunjika, mdomo mzima. Mama, wakati wa vikombe vya kutupa nisingejua nani hajanywa.

Mke wake alikuja kunishukuru. Akaona mizigo yangu, ambayo tangu siku ile sikuwa nimeifungua, akauliza, "Weye ukirudi kwenu, nani ataangalia makopo ya bantu betu?" Nimeifungua mizigo. Nakukumbuka mpaka chakula hakipiti, lakini sirudi sasa, Mama. Usinikasirikie.

Nisalimie shangazi muuza dagaa, kaka yangu mvuvi na mkewe, na jirani anayekuchotea maji. Atakayeuliza mbona binti yako harudi, mwambie kuna watu anaowangoja wapande kutoka mashimoni.

Ni mimi mwanao,
Feza