Kiti Kinachovuta Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Nimepewa kiti cha magurudumu leo, hapa kituoni. Si kipya. Ringi za kusukumia zimefungwa utepe mweusi wa umeme – wa kushoto umelika mpaka chuma kinang'aa. Ukikiachia kwenye sakafu kinavuta kushoto, mkaidi kama punda. Nikamwuliza mkufunzi kilikuwa cha nani. Tunamwita Breki, maana kila somo lake linaanza na "funga breki". Naye ni mtu wa kiti, miaka mingi. "Cha mwenzetu," akasema. "Sukuma."

Jumatano, 5 Machi
Kuhama kitandani kwenda kitini. Mimi, fundi wa kuchomelea, niliyebeba mageti begani! Kujibeba mwenyewe nashindwa. Miguu imenyooka lakini naihisi imekunjwa, magoti juu, vilevile nilivyotua siku nilipoporomoka kutoka kwenye kenchi za paa. Nikiitazama, iko chini. Nikifumba macho, iko juu.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu kaja. Anasema ngazi za mlangoni si tatizo, shemeji atanibeba. Amesema huku anakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Alipoondoka nesi akanieleza habari za kiti. Mwenyewe alikuwa kijana, fundi saa, mtu wa mkono wa kushoto. Aliacha mafunzo kabla hajajua kupanda ngazi – mama yupo, alisema, atanisaidia. Kufika nyumbani akaona mama anaumwa mgongo. Basi akawa hasemi. Hakuomba kutolewa nje, hakuomba kugeuzwa. Kidonda cha makalio kikamla kimyakimya mpaka kikammaliza.

Amekufa kwa adabu.

Jumamosi, 8 Machi
Nikikaa, naona kama nimekaa mapajani mwa mtu. Nimeomba kiti kingine. Hakuna.

Jumanne, 11 Machi
Kuinua magurudumu ya mbele. Breki ameshika mkanda nyuma yangu. "Kidevu kifuani. Ukianguka, usitupe mikono." Nimeanguka. Nikaona dari, na dari ikawa zile kenchi za siku ile. Mkanda ukanidaka kabla ya sakafu. Breki akasubiri nimalize kulia, kisha akasema, "Tena."

Mara ya mwisho nilisimama kwa magurudumu mawili. Palikuwa na utulivu wa ajabu. Na kitu kama kifua cha mtu nyuma ya mgongo wangu, pale ambapo sihisi kitu.

Alhamisi, 13 Machi
Mama wa fundi saa amekuja. Kaleta mto wa kiti, kaufua, kautia foronya mpya. Tulikuwa uani kwenye ngazi ya mazoezi, ile inayopanda barazani. Akakitambua kiti kabla hajaniona mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Macho kwenye ringi ya kushoto.

Akaomba anisukume. Breki akanitazama, nikakubali. Magurudumu ya mbele yakapanda, ya nyuma yakagoma. Mama akataka kuinua. Breki akamzuia: "Subiri akwambie mwenyewe."

Nikanyamaza. Nilimwona anavyojishika kiuno. Nikawaza, nitamuumizaje mama wa watu? Nikajikaza peke yangu, jasho linatiririka, kiti hakiendi.

Mama akainama sikioni kwangu. "Na wewe unaninyamazia?"

Mwili ukanisisimka mpaka pale unapokomea.

"Sukuma, mama," nikasema. "Taratibu. Sasa."

Tukapanda.

Aliketi kwenye benchi, akavua viatu, akawa anajifuta uso kwa ncha ya kanga. Breki kasema tupumzike, tutarudia, safari hii kushuka. Nimeingia ndani kunywa maji, naandika haya dirishani. Mto alioleta sijaukalia. Nesi anamwambia gari lake litamwacha. Hainuki. Anasema hawezi kuondoka kabla mwanawe hajashuka salama.

Nesi anamtazama Breki. Breki naye anaangalia chini.

Sasa mama anaita. Jina si langu.

Nimeitika.