Ukingo wa Bibi wa Kiingereza

Don Mills, Toronto
7 Februari 2009

Dada Sultana,

Ya Ali Madad. Magoti yako yanasemaje? Sisi wazima. Theluji imefika dirishani, na kitambi changu kimeipita.

Kuna bibi ameingia nyumbani. Usishtuke, ni wa karatasi. Zebunissa anasoma darasa la Jumamosi la picha za kale, zile walizochapa Waingereza kwa bamba la shaba zamani za wafalme wao akina George: mabibi wa kikabaila, makofia kama sinia, weusi wa nyuma yao laini kama mahameli. Mwalimu ni Hasham, mgane, mzaliwa wa Mombasa, nywele zote bado kichwani. Amempa wifi yako picha moja na kumwambia ana shingo kama ya huyo bibi. Shingo! Miaka ishirini na sita nimekaa na shingo hiyo, sijawahi kuitaja. Sasa nimeletewa kwenye duka langu la fremu niitie fremu, maana mwezi ujao darasa lina maonyesho.

Mdogo wako,
Madatali

Tanga
20 Februari 2009

Mdogo wangu,

Ya Ali Madad. Magoti yapo, yananipeleka jamatkhana kusali na kunirudisha. Nimecheka mpaka chai imemwagika. Unamwonea wivu mwanamke aliyekufa miaka mia mbili iliyopita? Tia fremu nzuri kuliko zote, halafu msifu mkeo shingo. Neno moja tu, halitakuua.

Dada yako,
Sultana

Don Mills
11 Machi 2009

Dada,

Natumai hujambo. Mimi sijambo mwili tu.

Barua yako imechelewa. Chini ya picha palikuwa na ukingo mweupe wenye jina la yule bibi, na pembeni yake Hasham ameandika kwa penseli, Kigujarati. Unajua mimi darasa la Kigujarati nilitoroka kucheza mpira. Nilitambua jina la Zebunissa, basi. Mtu anamwandikiaje mke wa mtu mstari mzima? Nikachukua kisu, nikakata ukingo wote.

Zebunissa akauliza, "Jina lake liko wapi?"

"Ilikuja hivyo."

Akanitazama, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Kwenye maonyesho hakuipeleka. Hatuongei ila habari za chumvi.

Kipande kimo humu ndani ya bahasha. Nisomee. Kama ni mapenzi, niambie taratibu.

Mdogo wako,
Madatali

Tanga
30 Machi 2009

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Kaa kwanza. Umekaa? Imeandikwa: "Zebunissa, mwambie mumeo asikate ukingo huu. Jina likitoka, picha imekwisha thamani."

Nakurudishia kipande. Mpe mkeo kwa mkono wako, kabla hujavua koti.

Dada yako,
Sultana

Don Mills
19 Aprili 2009

Dada,

Ya Ali Madad. Magoti je?

Nilimpa nikiwa na koti. Nikasema yote, hata ya shingo. Kumbe mstari ule aliusoma siku ya kwanza, akaona haya kumfundisha fundi kazi yake. Akasema, "Mimi nasoma Kigujarati, Madatali. Ungeniuliza mimi." Ndipo nikavua koti.

Picha iko sebuleni bila jina. Wageni wakiuliza huyu nani, anawaambia, "Muulizeni Madatali." Lakini chai tunakunywa pamoja tena.

Hasham ameleta bibi mwingine. Ukingo sikuugusa hata kwa kucha. Ila fremu, dada, nimetia ile ya plastiki ya kijani, inayokataliwa na kila mteja tangu nifungue duka.

Mdogo wako,
Madatali