Vidole Vyako Vitatu

Baba,

Nakuandikia nikiwa jikoni, hapa hapa Ziwani, kwenye kigoda chako ambacho Mama hataki mtu akikalie. Leo ameniona nikikikalia, akaendelea na upishi wake.

Mwezi wa nne huu tangu tukuzike. Mvua bado. Tunakula mahindi ya njano, yale ungeyasema vibaya mpaka yaishe sahanini, na kule kwenye mabanda ya farasi ulikofanya kazi nyasi kavu zimekuwa haba. Msimamizi alitaka nyavu mpya za kulishia, zisizomwaga nyasi chini. Za nailoni za dukani hazipendi, anasema kwato huingia kwenye matundu zikanasa. Akakumbuka zako za katani, akaniita. Nilifurahi, Baba. Nilijiona saisi kamili, mtunza farasi kama wewe, mimi ambaye sijawahi hata kushika hatamu.

Nilianza na Shosho, yule farasi jike mzee uliyempa jina hilo la bibi kizee kwa ajili ya mvi za usoni. Wavu wake wa zamani ulikuwa umechakaa, nikasema utupwe. Nikafuma mwingine jinsi ulivyonifundisha, kila tundu nikilipima kwa vidole vitatu. Nilikuwa nakusikia kabisa: "Vidole vitatu, mama. Likizidi, anamaliza haraka anashinda njaa. Likipungua, anachoka kuvuta, anaacha." Nikautundika usawa wa macho yake, asije akanasa mguu.

Shosho akaanza kukonda. Msimamizi akasema ni uzee, na mwaka wa kiangazi kama huu hawezi kuweka farasi asiyekula. Mimi nikasema ni majonzi, anakutafuta wewe. Niliamini hivyo, hata nikampenda zaidi. Nilikuwa nikitoka kazini napita kumtazama akivuta, akivuta, anapata vijani viwili, anageukia ukuta. Nami nilikuwa sili vizuri, kwa hiyo nilimwelewa.

Jumapili Mama alinituma kitunguu. Unajua vitunguu vyetu vinaning'inia kwenye ule wavu wako wa kwanza, uliokatika pembeni. Niliingiza vidole vitatu kwenye tundu, bila kuwaza, vikapwaya. Nikaongeza cha nne. Kikakaa sawasawa.

Mikono yako ilikuwa minene, Baba. Ya mtu aliyezoa samadi na kuvuta kamba miaka ishirini. Mimi nilipima kwa vidole vyangu hivi vya kupiga taipu. Nilikaa sakafuni nikalia mpaka Mama akazima stovu akaja kukaa nami.

Nilifuma kutwa nzima. Jumatatu nikafika na wavu mkononi, nikakuta banda la Shosho limefagiliwa na ndoo yake imefunikwa. Daktari wa mifugo alikuwa amepita Jumamosi, akamdunga sindano ya mwisho. Kumbe nilipokuwa nafuma, hakuwepo tena. Msimamizi hakunilaumu. Sikumwambia, na hilo pia linaniuma.

Nisamehe. Mwombe na yeye anisamehe, kama mmeonana.

Ule wavu wa Jumapili nimempa farasi wa banda la pili, na anakula. Kesho nitamwambia msimamizi ukweli, kisha nafumua nyavu zote nilizofuma kabla yake, naanza upya. Vitunguu nimevitia kikapuni. Wavu wako sasa uko juu ya kitanda changu.

Lala salama, Baba. Nitapima kwa vidole vyangu vitatu, halafu nitaongeza cha nne, na hicho kitakuwa chako.

Wairimu wako