Kichupa cha Zaafarani

Ngamiani, Tanga
12 Februari 2024

Kwako mwanangu Naseeb,

Salamu zangu zikufikie huko ugenini, na dua ya kila swala iwe nyuma yake. Mimi mzima, ila miguu, na masikio ndiyo yale yale. Simu nikiiweka sikioni nasikia nyuki tu, kwa hiyo usinipigie, niandikie. Bushra akija huko kununua viatu vya biashara yake anakuletea barua, akirudi ananiletea ya kwako. Huo ndio mtandao wangu.

Miaka kumi na moja uko Johannesburg. Watu wakiniuliza Naseeb anafanya kazi gani, nasema mhandisi wa madini. Madini gani? Nasema mepesi. Wanacheka, nami nacheka nao, maana mwenyewe sijui. Ulisomea chuma Dar es Salaam, ukaajiriwa kwenye kiwanda cha nondo, ukasema nondo zimekuchosha, unakwenda kutafuta chuma kisicho na uzito. Sasa mwanangu, chuma kisicho na uzito ni chuma gani? Siku moja nieleze kama unavyomweleza mtu mzima.

Jirani yetu Mwanaharusi anakushukuru kwa kumtia mwanawe Bakiri kiwandani kwako. Tangu Bakiri aje huko, haipiti Ijumaa hajaniletea sahani ya kitu, nami simrudishii tupu. Sahani zetu zimeshachanganyika, sijui tena ipi yangu ipi yake.

Lililonishikisha kalamu ni hili. Nimeota mara tatu, ndoto ile ile. Umesimama kwenye nuru nyeupe na huna kivuli. Nakuita, huitiki. Nimekwenda kwa mwalimu, kaniandikia kombe, aya kwa zaafarani kwenye sahani nyeupe, tumelikosha kwa maji na marashi, nimelitia kwenye kichupa. Bushra anacho. Nyunyiza pale unapofanyia kazi, pembe zote nne. Na usinicheke.

Mama yako

*

Joubert Park, Johannesburg
3 Machi 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua imefika na imenikuta salama, natumai hiyo miguu imepata nafuu. Ile dawa ya kuchua niliyompa Bushra paka usiku na asubuhi, usiwagawie majirani.

Kichupa nimekipata, halijamwagika hata tone. Ila mama, kiwandani kwetu hata kikombe cha chai hakivuki mlango. Getini tunanyang'anywa chupa za maji, wakubwa kwa wadogo. Ni sheria, na mimi ndiye ninayeisimamia, nitaivunjaje? Nimekiweka juu ya kabati chumbani kwangu, kinanitazama nikilala. Kwa nini hatutaki maji, usiniulize. Ukijua utakosa usingizi bure.

Hicho chuma kinaitwa magnesiamu. Kinatufikia kikiwa matofali meupe ya kung'aa, tunakiyeyusha tanurini, tunakimimina kwenye kalibu, linatoka gamba la gia la gari ambalo wewe na miguu yako ungelibeba kwa mkono mmoja. Mara ya kwanza kulishika nilidhani ni plastiki. Ndiyo kazi yangu, kuyafanya magari yawe mepesi. Bakiri ndiye anayelisha matofali tanurini. Ni kijana mwangalifu, mwambie Mama Bakiri asiwe na wasiwasi. Tunaondoka pamoja asubuhi, ananisubiri chini ya ghorofa akikohoa ili nijue amefika.

Kuna fununu kwamba Julai watateua mkuu mpya wa karakana ya uyeyushaji. Mgeni hajawahi kukaa kwenye kiti kile. Niombee.

Mwanao, Naseeb

*

Ngamiani, Tanga
21 Aprili 2024

Mwanangu Naseeb,

Ukiwa mzima nashukuru, na mimi ni mzima. Idi tumeila vizuri, pilau la Mwanaharusi lilizidi chumvi lakini sikumwambia.

Barua yako nimeisoma. Chai haiingii, sawa. Mimi sikukutumia chai. Nimekutumia maneno ya Mungu, wewe umeyaweka juu ya kabati na masanduku. Kusoma kwingi nako kuna hasara zake. Ile ndoto imenirudia juzi, mara ya nne.

Haya, sikulazimishi. Mambo ya mama mwachie mama.

Mama yako

*

Joubert Park, Johannesburg
19 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Najua habari mlishapata kupitia msikitini kabla ya barua hii. Bakiri hatunaye. Ilikuwa Jumanne tarehe kumi na moja, saa moja na nusu asubuhi. Idi ya juzi sikwenda kuswali, nililala nimetazama ukuta.

Sasa nakueleza nililokuwa nakuficha. Magnesiamu iliyoyeyuka na maji haviwezi kukutana. Tone moja likizama ndani yake, chuma kinaruka nje ya tanuri na kuwaka moto mweupe, ukiutazama macho yanauma siku nyingi. Huuzimi kwa maji, maji yanauchochea, tunauzima kwa mchanga mkavu. Ndiyo sababu chai haiingii. Ndiyo sababu kila tofali linapashwa moto kwanza likauke, ndipo litumbukizwe. Asubuhi ile kulikuwa na unyevu kwenye matofali. Umetoka wapi, wakaguzi bado wanatafuta. Mimi nilikuwa ofisini, nyuma ya kioo. Niliona nuru nyeupe, na katikati yake mtu asiye na kivuli. Ndoto yako, mama, ila hakuwa mimi.

Tumemzika siku iliyofuata. Kwa alivyoungua shekhe alisema asioshwe kwa maji, atayamamishwe kwa vumbi. Nilimshika mkono uliobaki mzima. Mwambie Mama Bakiri alikuwa na watu wengi wa kumswalia, Watanzania, Wakongo, hata Wazulu wa zamu yetu walisimama nje ya makaburi kofia mkononi.

Kuna jambo moja sijui nilifanyeje. Wazee wa Kizulu pale kazini wanasema aliyekufa kwa ajali hubaki palepale alipoangukia mpaka afuatwe. Walikuja na tawi la mti wao wenye miiba, wakanipeleka mbele ya tanuri. Mzee wao akasema, lugha yake unaijua wewe peke yako, mwite, mwambie mnakwenda nyumbani. Nikashika lile tawi nikasema, Bakiri, twende nyumbani. Nilitaka kusema na jambo jingine, sikuweza. Tawi liko hapa chumbani kwangu, kwenye kona, kwa sababu nyumbani kwake ni Tanga na mimi bado niko huku.

Naseeb

*

Joubert Park, Johannesburg
30 Agosti 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Una afya? Bushra amekuja mara mbili mikono mitupu. Kasema u mzima, unapika, unaswali, lakini ukiulizwa barua unanyamaza. Kama nimekukosea niambie.

Wakaguzi wamemaliza. Wamesema chanzo cha unyevu hakikuthibitika. Mimi naamini ni mvua, paa la ghala lina matundu, usiku wa kuamkia siku ile ilinyesha ikavuja juu ya matofali. Kwa hiyo ni kudra ya Mungu, hakuna wa kulaumiwa, na Mama Bakiri aambiwe hivyo. Julai wamenipa ule ukuu wa karakana. Nina ofisi yenye madirisha mawili. Sikufurahi, nakwambia kweli.

Mama, silali. Nikifungua bomba kutia udhu nalifunga kabla maji hayajanigusa. Kwenye ngazi za jengo hili, lenye harufu ya kabichi na mkojo, ghafla napita mahali pananukia marashi. Namuuliza Célestine, Mkongo anayesuka nywele chini, kama ni yeye. Anasema hata hasikii harufu yoyote. Na kila siku alfajiri kuna mtu anakohoa chini ya ghorofa. Nimeshuka mara mbili. Barabarani hakuna mtu, robot, taa za barabarani, zinabadilika rangi zenyewe.

Kile kichupa chako bado kiko juu ya kabati, kimejaa hadi shingoni. Usihangaike nacho.

Mwanao, Naseeb

*

Ngamiani, Tanga
14 Oktoba 2024

Naseeb mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Niko hai.

Sikukususa. Barua yako ya Juni niliisoma hadi pale penye tone moja, nikaikunja. Sikuweza kuifungua tena hadi Maulidi yalipopita.

Vilikuwa vichupa viwili. Uliponijibu vile, nilirudi kwa mwalimu akaniandikia kombe jingine. Nikampa Bushra ampelekee Bakiri, na kikaratasi: mwanangu, mwenzio kisomo kimempa kiburi, mnyunyizie wewe pale kazini, na asijue. Bakiri hajawahi kunikatalia kitu tangu akiwa anatambaa uani kwangu. Nilijua atafanya. Nikajisemea chai ni chai, haya ni maneno ya Mungu, yatamdhuru nani.

Hiyo mvua yako nimemuuliza Bushra. Kasema Juni huko hapanyeshi kabisa, majani yamekauka na midomo inapasuka. Kisha ukaniambia kichupa kimejaa, nisihangaike. Sikuwa nimekuuliza kichupa. Hapo nikajua kwamba unajua, na unanifunika.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kwa Mwanaharusi. Nilimkuta anachagua mchele. Nikamwambia, shoga yangu, mwanao nimemuua mimi, kwa maji yangu. Nikamweleza yote. Hakuinua uso. Alichagua mchele hadi ungo ukaisha, ndipo akaniuliza, sasa yuko wapi? Nikamwambia habari ya lile tawi. Akasema, mwambie Naseeb amlete. Asubuhi nikakuta sahani kumi na nne mlangoni kwangu, zimeoshwa. Kanirudishia zote, hata zake.

Kichupa kilichobaki kampelekee Bakiri, ummwagie juu ya kaburi. Pale hakuna moto.

Wewe huna kosa. Lililo langu usinibebee, nitakwenda nalo mwenyewe mbele ya Mungu. Njoo tu, umlete.

Mama yako

*

Joubert Park, Johannesburg
2 Novemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii isome umekaa.

Umesema sina kosa. Ukaenda ukajivika kifo cha Bakiri mbele ya mama yake, na mimi huku nimekalia kiti kipya. Siwezi tena.

Ni kweli nilijua. Moto ulipozimwa nilifungua kabati la Bakiri la kazini, nikakuta kichupa kitupu kimefichwa kwenye bitana ya koti lake, mdomo wake una rangi ya zaafarani. Nikakitia mfukoni kabla wakaguzi hawajafika. Nilijiambia namficha mama yangu. Nilikuwa najificha mimi.

Mashine ya kupasha matofali ilikuwa imeharibika tangu alfajiri. Mzigo wa mteja umechelewa, na mimi nautaka ule ukuu. Fomu inasema mhandisi apime joto la kila rundo kwa mkono wake kabla halijaingia tanurini. Miaka kumi nilipima. Siku ile sikupima. Nilitia sahihi ofisini, kwenye kiti, nikamwonyesha Bakiri dole gumba kupitia kioo, naye akaendelea. Mama, yale matofali yangepashwa moto, maji yako yangekauka kabla hujamaliza kusema Bismillahi. Ungemwaga ndoo nzima yangekauka. Bakiri alikuwa anaijua kazi. Hakumwagia tanurini, alinyunyizia matofali baridi, kwa sababu alijua yanapita kwangu kwanza. Aliniamini mimi.

Hilo ndilo neno lililonikwama siku ile nimeshika tawi.

Nimewaandikia kiwandani yote, pamoja na kichupa. Ofisi ya madirisha mawili nimeirudisha. Wakiniita kujibu nitarudi huku kujibu.

Ijumaa nilikwenda makaburini na kichupa chako cha juu ya kabati. Nilimmwagia taratibu, kuanzia kichwani. Harufu ya marashi ikapanda, na kwa mara ya kwanza tangu Juni nilijua inatoka wapi. Nilikaa pale hadi udongo ukakauka.

Yule mzee wa Kizulu amenifundisha mwendo wake. Mwenye tawi hasemi na mtu njiani, anasema na marehemu tu, anamwambia hapa tunavuka mto, hapa tunavuka mpaka, asije akapotea. Na marehemu anakatiwa nafasi yake kama abiria yeyote. Mwalimu wako atasema hizi si mila zetu, na atakuwa amesema kweli. Lakini Mama Bakiri amesema nimlete, na njia nyingine siijui.

Bushra anatangulia na barua hii; basi letu linaondoka Park Station Jumapili ya wiki ijayo. Nimekata tiketi mbili. Dirishani atakaa yeye, alikuwa anapenda kutazama nje.

Usije kunipokea stendi, mama, maana sitakuitikia. Nitapita mbele ya mlango wako na sitasimama. Mdomo wangu nitaufungua kwa Mama Bakiri, na la kwanza nitakalomwambia ni ile sahihi.

Mwanao,
Naseeb