Keki ya Harmen

Groningen, Jumapili

Baba mpendwa,

Pokea salamu za mwanao. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti la Mama limepata nafuu licha ya baridi hii. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa. Utashangaa kupata barua badala ya simu, lakini wewe uliyegawa barua miaka thelathini na minne utaisoma hadi mwisho bila kunikatiza.

Jumanne mtandao wa kampuni yetu ulizima simu za madaktari wa miji mitano kwa dakika arobaini. Mzee mmoja alianguka ngazini, mkewe akapiga simu mara kumi na moja bila kujibiwa. Jirani yao ndiye aliyempakia garini hadi hospitali. Amepona, Mungu ashukuriwe.

Tulikuwa tunahamia laini mpya. Ruta ni mtambo unaoelekeza mizigo ya mtandao, yaani simu na ujumbe; ruta yetu ya mlangoni husikilizana na ruta ya kampuni jirani, na jirani husema mizigo ya nje tumpelekee yeye, anwani yake ni hii. Ruta ya mlangoni huzipasha ruta za ndani habari hiyo kama ilivyoisikia, na anwani ni ileile ya jirani. Kumbe za ndani hazijui njia ya kufika kwenye anwani hiyo! Ni kama wewe ungeagizwa barua zote za ng'ambo umkabidhi mtu aitwaye Tjalling, na hujui Tjalling anakaa kijiji gani. Ungebaki na mfuko begani. Dawa yake ni amri ya mstari mmoja: ruta ya mlangoni iziambie za ndani, nileteeni mimi, nitamfikishia.

Mstari huo haukuwepo. Laini ya zamani ilipokuwa hai hatukuona kasoro, kwa kuwa mizigo ilipita huko. Saa nne asubuhi Harmen akaichomoa, na kila kitu kikafa.

Harmen ndiye aliyenifundisha kazi. Kwa sababu nimetoka kwenye ng'ombe huko kwetu, huniita binti wa maziwa. Habari zilipotufikia, baada ya nusu saa na zaidi, alirudi mbio kuichomeka laini ya zamani, simu zikafufuka, na wote tukamsikia akisema, "Ni mimi. Nimeharakisha, uzee huu!"

Unajua desturi yetu: anayeangusha mtandao huleta keki, tunamcheka, yanaisha. Jumatano akaleta keki ya tufaha. Bosi wetu Annelies hakuigusa. Alimwambia, "Harmen, siku zote keki tunakula. Safari hii mtu ameanguka." Kesho jina lake litaandikwa kwenye ripoti, na hataruhusiwa tena kugusa mitambo. Amebakiza miaka miwili astaafu.

Baba, kazi ya kuandika mstari ule ilikuwa yangu. Nilisahau. Nilipojaribu laini mpya nilijaribu nikiwa kwenye ruta ya mlangoni, ambayo iko uso kwa uso na jirani, ikapita vizuri. Sikuingia ndani kuuliza kama na za ndani zinamfikia. Mimi ndiye niliyemwambia Harmen, "Chomoa tu, mzee, kila kitu shwari." Habari zilipofika nikaelewa papo hapo, nikauandika mstari kimyakimya, na simu zikarudi Harmen akiwa bado ameshika waya mkononi. Jina langu na saa vimo kwenye kumbukumbu za ruta. Hakuna aliyezitazama, maana mtu alishakiri.

Na keki yake nilikula, Baba. Nilikula vipande viwili, naye akanitania kwamba binti wa maziwa ana njaa. Naona aibu hata kuiandika.

Mwamkie Mama, na umwambie mwenyewe, mimi sitaweza. Ukiwa na hasira nami, iwe hasira ya mzazi. Keki ya tufaha niliyoioka mwenyewe leo ipo hapa mezani, imeungua upande mmoja. Barua hii ikikufikia nitakuwa nimeshaikata mbele ya wote, na kipande cha kwanza nimempa Harmen, kama atakipokea.

Ni mimi mwanao,
Froukje