Samaki Niliyesema Sikumwona

S.L.P. 218
Tarehe 14 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kifua chako kimetulia na hiyo baridi ya huko? Sisi tuko salama. Mama anakohoa kidogo. Bibi anakula, ila usingizi wake wa mang'amung'amu. Mtihani nilipita, kwa kuponea chupuchupu.

Mjomba, kuna neno limenikaa kooni tangu msiba wa Babu. Kwenye simu nisingeweza, unanijua.

Unakumbuka Babu alivyokuwa akivua karpu kwenye bwawa nyuma ya kiwanda cha matofali. Alitupa chembe za mkate, wale samaki wanene wakapanda kuzifyonza juu ya maji, naye akalaza katikati yao inzi wake wa bandia: unyoya mweupe aliofunga kwenye ndoano. Mimi nilivuta mapema kila mara. "Mwache afunge mdomo," alikuwa akiniambia. "Mtu hapokonywi tonge hajatafuna."

Siku ya mwisho, karpu mkubwa kama mtoto wa miezi sita alimeza inzi akakata mshipi. Maji yalinirukia usoni. Nyumbani Babu akasimulia, Mama Mdogo akacheka: "Baba, juzi ulitafuta miwani umeivaa. Leo umeona nyangumi?" Wakanigeukia mimi. Macho yote yale, Mjomba. Niliogopa nami nitachekwa. Mwishowe nikasema, "Sikuona."

Babu aliniangalia, akaendelea kukoroga chai. Ndipo walipokupigia, nawe ukasema akili zinamtoka, asiende tena bwawani. Bibi akaifungia kabatini fimbo yake ya kuvulia. Babu alikaa dirishani miezi miwili, basi, akatutoka.

Jumamosi nilichukua ufunguo wa kabati bila kuomba, nikaenda bwawani na fimbo. Karpu alipanda polepole, nikasubiri afunge mdomo. Nilipomfikisha ukingoni, pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na ndoano nyingine, yenye kutu, na mabaki ya unyoya mweupe. Uzi uliofunga unyoya ulikuwa mwekundu, umemalizwa kwa lile fundo ambalo Babu alifungia vifungo vya mashati enzi zake za cherehani. Mdomo ulifunguka, ukajifumba, ukafunguka, kama wa mtu anayengoja nianze mimi kusema. Nilizing'oa ndoano zote mbili nikamwachia. Sasa hata darasani nausikia ule mfyonzo.

Babu alikuwa na akili zake timamu. Aliyedanganya ni mimi.

Nakuomba usimpigie Bibi kwanza. Jumapili, wote wakiwa mezani, nitasema mwenyewe.

Nisalimie Mama Pacha na watoto. Mungu akutunze, na ukinikasirikia, akupoze.

Mpwa wako akupendaye,
yule mnayemwita Kimya