Aabo, Mafuta Yamefika Kwenye Injini

Assalamu alaikum, Aabo, baba yangu.

Najua barua haifiki uliko. Naandika kwa sababu habari hii ni yako kwanza, kabla ya majirani na kabla ya walimu wangu.

Tulipotoka kukuzika, ndege ilikuwa bandani hapa Garissa kama ulivyoiacha: mabawa juu, injini mahali pake, na katikati hakuna hata bomba moja la mafuta. Watu waliokuja kutoa pole walichungulia wakatikisa vichwa. Kule Wajir ulitengeneza ndege za wengine miaka mingi, na hii ya kuunda kwa mikono yako, iliyokuja vipande vipande ndani ya kreti, hukuimaliza. Mama alivumilia, kisha akasema wazi: "Mkaguzi wa Nairobi akija, mafuta yasipofika kwenye injini, huyu mke mwenza anarudi kwenye kreti." Unajua alivyozoea kuiita hivyo. Lakini safari hii hakucheka.

Kwa hiyo tulianza, mimi na Adeer Yusuf. Ndugu yako ni fundi wa nyumba, Aabo, na ndege aliifanya kama nyumba. Alikuja na pimamaji yake. Bomba la alumini kutoka tangi la bawa alilipitisha kwenye dari ya ndege kuelekea mbele, kisha akalishusha kwenye nguzo ya mbele ya mlango hadi chini. Lile la darini lilinyooka sawasawa, na kiputo cha pimamaji kilikaa katikati kabisa. "Wallahi," akasema, "hata msikiti wetu haujanyooka hivi." Mimi nilikata, nikalainisha midomo ya bomba, nikapuliza ndani kutoa vumbi la chuma, kama ulivyonifundisha. Lilipendeza. Nilijivuna mapema.

Siku ya kujaribu tulifanya ulivyokuwa ukitueleza. Tulichimba shimo nyuma ya banda, tukateremsha gurudumu la mkia humo, pua ikatazama juu kama ndege inayopaa. Mama alisogeza jiko mbali, akasimama na ndoo ya mchanga. Tulitia petroli kidogo tu kwenye tangi, nikafungua bomba pale linapoingia kwenye kabureta, nikaweka jerikeni chini yake. Mafuta yalitiririka, yakadondoka, yakakatika.

Aabo, nilitamani ungekuwa hapo. Adeer aligonga tangi. Akafungua chujio, safi. Akaniambia, "Pengine ni kweli irudi kwenye kreti, binti." Mama aliweka ndoo chini akaingia ndani. Nilikaa ndani ya ndege, kwenye kiti chako, nikalia kidogo. Kidogo tu.

Kisha nikakukumbuka na ile chupa ya kioo ya chai ya maziwa ya ngamia. Chai ikikaribia kwisha ulikuwa ukiniinamishia chupa mbele ya macho na kuniuliza, "Sasa chai iko wapi?" Mimi najibu, "Pembeni, chini." Nawe unasema, "Basi usiitafute juu." Nilidhani ni mchezo wa kunifanya nimalize kifungua kinywa.

Nikainua macho darini. Bomba lililonyooka ndege ikiwa imesimama sawa, sasa lilikuwa mlima. Pua ilipoinuka, upande wa mbele ulipanda juu kuliko tangi lenyewe. Mafuta yalitakiwa kukwea, nayo hayakwei.

Nilimwambia Adeer tulitoe, tulishushe moja kwa moja kwenye nguzo ya nyuma ya mlango, kisha lipite chini ya kiti likiteremka kidogo hata pua ikiwa juu. Alinitazama kama nimemwambia apinde ukuta. "Bila pimamaji?" Bila pimamaji, Adeer. Alicheka mpaka kilemba kikalegea, halafu akaenda kuleta spana. Pimamaji aliiweka mfukoni, akawa anaigusagusa kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mkali, hana salamu ndefu. Aliingia na tochi akalifuata bomba kwa kidole kutoka tangini hadi kwenye injini. Tukashusha mkia shimoni. Akafungua bomba mwenyewe. Mafuta yalimiminika bila kukohoa, naye akatazama saa yake na jerikeni, saa na jerikeni, akipima mafuta yanajaa kwa kasi gani. Kisha akauliza, "Nani alilaza bomba hili?"

Adeer Yusuf, ambaye husimulia mji mzima kila ukuta aliojenga, alininyooshea mkono. "Huyu. Binti wa marehemu."

"Umelilaza vizuri," akasema, akatia sahihi.

Mama alilia mbele ya mgeni, kisha akampa chai. Jana nilimkuta akiifuta ndege vumbi kwa leso yake nzuri. Hakujua namwona.

Bado haijaruka, Aabo. Kuna mengine ya kukaguliwa, na rubani atakuja baadaye. Mimi narudi shule Jumatatu, na nimemwambia mwalimu kwamba fizikia siiachi.

Allah alipanue kaburi lako na alitie nuru. Kwaheri, baba yangu. Hakuna rubani atakayeketi kwenye kiti chako kabla mikono yangu haijagusa kila kiungo. Na siku pua itakapoinuka kweli juu ya Garissa, mafuta hayatakatika. Hilo nakuahidi.

Binti yako,
Sahra